Daftari la pindo

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Mteja wa Buruburu amekuja mwenyewe leo, na kitambaa amekileta: poplini nyeupe, nzito kidogo, haina mpira. Anataka tandiko la kitanda cha binti yake anayeolewa Agosti. Katikati libaki jeupe, pembeni pindo la maua ya rangi pande zote nne, kazi ya mkono. "Si ya mashine, mama. Nitaligeuza niangalie nyuma." Hapo nikampenda. Wateja wengi hawageuzi. Angalia nyuma ya ua la mashine ya kompyuta, utaona uzi mweupe uliosongamana na vipande vya karatasi ngumu vilivyobanwa humo, na ua la kwanza na la mwisho ni mapacha hadi ukucha.

Vipimo: mita 2 kwa mita 2.2. Tabaka tatu. Juu poplini, chini shuka ya pamba, katikati blanketi jembamba la mtumba nililotoa soko la Gikomba. La mtumba nalipenda kwa sababu limekwisha kunywea huko lilikotoka. Blanketi jipya likifuliwa mara ya kwanza linavuta kila kitu na maua yanakunjana.

Bei hatujataja. Amesema tutaelewana. Ameacha pesa ya uzi tu.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Jirani wa kule mwisho wa safu yetu ya nyumba ametutumia pilau kama kila mwaka, na jioni nikaenda kurudisha sufuria. Mzee alikuwa amevaa kofia ya viua, ile ya kazi ya Lamu. Nikamwomba nione. Akacheka, "Umeanza tena, mama," akaivua. Nimeigeuza chini ya taa. Ni tabaka mbili za bafta zilizobanwa kwa mishono midogo mno, na kila kitobo kimezungushiwa uzi mpaka ukingo umekuwa mgumu. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, hakuna pa kujificha. Ndani ni safi kama nje. Hiyo ndiyo kazi ya kujipima nayo, wala si zile picha za kwenye simu ambazo kila mtu ananionyesha.

Nimeshajaribu nyuzi zote. Ninalowesha kipande cha poplini, nalaza uzi juu yake, nafunika na kipande kingine, napiga pasi moto. Manjano, samawati, kijani hazikutoa kitu. Zambarau nayo imetulia. Nyekundu ya bei rahisi imechuja, imeacha mstari wa waridi kwenye kitambaa. Hiyo haiingii kwenye kazi hii hata ikifuliwa mara ngapi. Nitatumia ile nyekundu ya DMC niliyoiweka akiba. Kampuni hiyo ya Ufaransa imekuwapo Mulhouse tangu 1746, na uzi wake unauona kwenye bei. Kishada kimoja kina mita 8, lakini ni nyuzi sita zilizolala pamoja. Ukitenganisha mbilimbili unapata mita 24 za kushonea. Anayeshona na zote sita anataka kumaliza haraka, na hilo linaonekana.

Jumapili, 14 Aprili

Leo ni kona. Siku nzima, baada ya kanisa, kona.

Mtu asiyeshona hufikiri pindo ni kuchora ua moja na kulirudia mpaka urudi ulikoanzia. Nimeacha sentimita 10 kutoka ukingoni, kwa hiyo mstari wa pindo una sentimita 180 upande mfupi na 200 upande mrefu. Shina la mmea linajipinda juu, linajipinda chini. Nikifanya kila pinda sentimita 20, upande mfupi unapata pinda 9 na mrefu 10. Inaonekana sawa kwenye hesabu. Lakini tisa ni witiri. Shina lililoanza kwa kupanda juu linafika kona likiwa bado juu, na la upande mrefu linafika likiwa chini. Yanakutana kama watu wawili waliogombana, kila mmoja ameangalia kwake.

Nimetoa leso zangu zote nikazitandaza kitandani kuangalia wenzetu wa pwani hufanyaje. Nyingi zinaikwepa kona. Pindo linakatwa, panawekwa mraba wenye ua kubwa au korosho peke yake, kisha pindo linaanza upya upande wa pili. Ni werevu, na kwenye leso inapendeza kwa sababu mji ulio katikati nao umejaa. Kwenye tandiko jeupe tupu miraba minne ingekaa kama mihuri.

Suluhisho nimelipata nikiwa napika. Siendi kutoka kona hadi kona. Naweka ua kubwa katikati ya kila upande, na shina linatoka hapo kwenda kulia na kushoto, sawasawa. Nusu ya upande mfupi ni sentimita 90, nusu ya upande mrefu ni 100. Pinda tano za sentimita 18 huku, pinda tano za sentimita 20 kule. Tano na tano. Zote zinafika kona zikiwa zimeelekea upande mmoja, na hakuna jicho la binadamu litakaloona tofauti ya sentimita mbili katika kitu kinachojipinda.

Kigezo nimekikata kwenye boksi la maziwa. Nachora kwa penseli, kidogo tu. Kalamu za wino unaopotea ukipiga pasi siziamini.

Mteja alisema waridi. Nitaweka waridi manne tu, yale ya katikati ya kila upande, na hayo nitayafanya polepole, maana waridi la kudarizi likikosewa ni kabichi. Kwingine ni bogenvilia, ile ya zambarau iliyo kwenye ua wa kanisa. Petali tatu, kitone cha manjano katikati, na haina kiburi.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua usiku kucha. Mathare na Mukuru maji yamebeba nyumba na watu. Hapa Makongeni mtaro mbele ya safu yetu umejaa na choo hakiendeki, lakini tuko juu ya maji. Ndugu wa jirani amehama Mukuru na watoto, wako kwake sasa, watu wanane chumba kimoja. Nimetoa blanketi mbili. Lile la tandiko nililiangalia vilevile, nikaliacha kwa sababu nilikuwa nimeshalipiga bandi.

Stima hakuna. Nimeshona mlangoni mpaka saa kumi na mbili.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Rais ametaka kima cha chini cha mshahara kipandishwe kwa asilimia 6. Nikachukua kalamu.

Kibarua wa Nairobi kima chake kufikia leo, 2024, ni shilingi 15,201 na senti zake kwa mwezi. Kazi ya kawaida ni saa 52 kwa wiki, yaani kama saa 225 kwa mwezi. Gawanya. Saa moja haifiki shilingi 68. Hata asilimia 6 ikiongezwa, saa moja itakuwa kama 71.

Sasa pindo. Mita moja ya pindo hili, kudarizi maua na kupiga mshono wa kupitia tabaka zote, inakula saa 12. Nimeipima na saa ya ukutani, si kwa kukisia. Pindo lote lina mita 7.6. Hiyo ni kama saa 91. Kwa kima cha kibarua asiye na ujuzi wowote, ni zaidi ya shilingi 6,000, kabla ya uzi na kabla ya blanketi. Pindo peke yake.

Kuna mwanamke wa chama chetu aliyeuza tandiko zima, maua na yote, kwa 3,500. Alisema heri hiyo kuliko kukaa bure. Sikumjibu mbele ya watu. Lakini kila mmoja wetu akiuza hivyo, mteja anayefuata anakuja na 3,500 mkononi akidhani ndiyo bei.

Ijumaa, 10 Mei

Likizo ya ghafla. Serikali imesema tupande miti kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko. Vijana wa safu yetu wamepanda mmoja karibu na bomba. Shule bado hazijafunguliwa, zilisogezwa mbele mara mbili, na binti wa jirani, kidato cha pili, amechoka kukaa ndani na wale wageni. Akaja kusimama mlangoni.

"Anti, naweza kujaribu?"

"Nawa mikono kwanza, mama. Na sabuni."

Nilimpa kipande cha majaribio, tabaka tatu zimebanwa kwenye fremu. Kitu cha kwanza nilichomfundisha ni kuficha fundo, maana tandiko halina upande wa nyuma, pande zote zitaonekana. Unafunga fundo dogo mwisho wa uzi. Unaingiza sindano kitambaa cha juu tu, umbali wa kidole kimoja kutoka pale unapotaka kuanzia, unaipitisha ndani ya blanketi, unatokeza pale penye mstari. Kisha unavuta. Fundo linagoma kwenye poplini. Unavuta tena kwa mshtuko mdogo, unasikia "tap", na fundo limezama ndani ya blanketi, halionekani juu wala chini. Alifurahi sana na ile "tap". Akairudia mpaka nikamwambia uzi unauzwa.

Mshono wenyewe ni mgumu zaidi. Sindano fupi. Subana kwenye kidole cha kati cha mkono wa juu. Mkono wa chini unakaa chini ya fremu, na ncha ya kidole inaisubiri sindano. Sindano inashuka wima, kidole cha chini kinaigusa tu, kinaisukuma irudi juu, subana inaikandamiza ishuke tena. Inapanda, inashuka, inakusanya mishono mitatu au minne, ndipo unavuta uzi. Asipoigusa chini, shuka ya nyuma haikushikwa. Akiigusa sana, damu. Alichomwa, akanyonya kidole, akaendelea. Doa la damu kwenye nyeupe dawa yake ni maji baridi hapohapo, yasiwe ya moto kabisa.

Mishono yake mirefu bado, lakini iko sawa kwa sawa. Urefu ulingane kwanza, udogo utakuja wenyewe. Shule ikifunguliwa nitamkosa.

Jumapili, 19 Mei

Kila nikishona shina namkumbuka mama. Baba alikuwa wa Reli, ndiyo maana tukawa hapa. Nyumba hizi zilikuwa za wafanyakazi wa Reli, na baadaye zikawa mali ya mfuko wa pensheni wa wastaafu wa Reli. Chumba kilikuwa kimoja, na mama alikifanya kiwe sebule kwa vitambaa. Kitambaa juu ya meza, kitambaa kwenye kila mkono wa kochi, kitambaa juu ya redio. Nilipokuja kununua televisheni ya Great Wall nayo ikavishwa chake kabla haijawashwa.

Alijifunza kwenye klabu ya wanawake. Maendeleo ya Wanawake ilianza 1952, wakati wa mkoloni, na klabu zake zilifundisha kushona, kupika na usafi wa nyumba. Watu wasomi siku hizi wanasema zile klabu zilikuwa za kuwatuliza wanawake wasiingie siasa wakati wa Hali ya Hatari. Sibishi. Mkoloni hakumpa mtu sindano bure. Lakini mama alitoka na sindano, na karo ya dada yangu mkubwa ilitoka hapo. Yote mawili ni kweli na sioni kwa nini nichague moja.

Kitu kimoja alikuwa nacho ambacho sisi hatuna: kitambaa kizuri cha hapa kwetu. Alidarizia vitambaa vya KICOMI ya Kisumu na kutandika blanketi za Raymond za Eldoret. Miaka ya tisini soko lilipofunguliwa na mtumba ukajaa, viwanda vikaanza kufunga kimoja baada ya kingine. Kiwanda cha Rivatex kilifufuliwa, ndiyo, lakini poplini niliyoletewa imetoka ng'ambo, na uzi wa Ufaransa, na blanketi lilivaliwa na Mzungu nisiyemjua. Mikono tu ndiyo ya Makongeni.

Jumapili, 2 Juni

Pande mbili tayari, na kona moja. Kona imekaa.

Jumamosi, 15 Juni

Kijani kiliisha, nikaenda Biashara Street. Namba ileile kwenye karatasi, kampuni ileile, na rangi si ileile. Muuzaji aliapa ni moja. Nikamtoa nje juani nikaweka vishada viwili juu ya poplini, akanyamaza. Uzi ukipikwa rangi kwenye pipa lingine hutoka na tabia nyingine kidogo. Ndiyo maana mtu mwenye akili hununua uzi wote siku moja, mteja akiwa ametoa pesa ya kutosha, na huyu alitoa ya vishada viwili.

Basi nimefanya hivi. Nashona na nyuzi mbili sindanoni. Kwa pinda mbili zinazofuata, uzi mmoja ni wa kijani cha zamani nilichobakiza na mmoja wa kipya. Baada ya hapo vyote viwili vipya. Kijani kinahama bila mpaka. Nimeliweka tandiko kwenye kamba nje nikamwita jirani, nikamwambia anionyeshe panapobadilika. Akaonyesha mahali pengine kabisa, penye kivuli cha nguo.

Jumanne, 25 Juni

Jogoo Road hakuna matatu. Watoto wameenda mjini kwa miguu kuandamana kupinga Mswada wa Fedha, na binti wa jirani alitaka kwenda na sare ya shule, mama yake akamfungia. Wiki iliyopita serikali iliondoa ushuru wa mkate kwenye Mswada huo ikidhani imemaliza. Mchana tukasikia waandamanaji wameingia Bunge. Redio inasema kuna waliopigwa risasi.

Nimeshona waridi la mwisho na vidole vikitetemeka. Nimelifumua.

Ijumaa, 28 Juni

Rais alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha juzi. Mji umefunguka nusu. Mama mboga anasema hajui kesho atapata wapi nyanya. Nimelishona waridi upya, nyekundu mbili na pinki moja, kutoka ndani kwenda nje, kila petali ikifunika ukingo wa mwenzake. Limetoka zuri kuliko yale matatu mengine, na sitayagusa yale matatu.

Jumapili, 30 Juni

Nimelifua. Maji baridi, sabuni ya kipande, kuloweka na kubonyeza, hapana kusugua wala kukamua. Penseli imetoka yote. Nyekundu haikuchuja. Sasa limekauka nusu, blanketi ndani limeshika na kila petali imevimba kidogo juu ya kitambaa, kwa sababu mshono umeizunguka na kuikandamiza pembeni. Hapo ndipo mkono unaachana na mashine. Ukifumba macho unaweza kulipapasa shina kutoka ua la katikati hadi kona.

Jumamosi, 6 Julai

Mteja amekuja. Aligeuza, kama alivyosema. Aliangalia nyuma muda mrefu, pande zote nne, akapitisha kucha kwenye kona. Kisha, "Mama, kazi ni safi. Nina elfu nne."

Nilifungua daftari hili nikamwonyesha ukurasa wa 1 Mei. Akasoma. Akasema hajawahi kuona fundi anayeandika saa. Nikamwambia hata mimi sijawahi kumwona kibarua wa kiwandani anayelipwa kwa kuelewana. Akasema kule Eastleigh kuna ya mashine kwa bei ya chini, nikamwambia ni kweli, tena zipo nyingi, na nikaanza kulikunja tandiko. Hapo akakaa. Tukanywa chai. Tumeandikiana 9,500: pindo kwa saa zake, blanketi, uzi uliozidi na kuunganisha tabaka. Ametuma 5,000 kwa simu papo hapo, na 4,500 zitakuja mwisho wa mwezi. Tandiko limebaki kwangu mpaka zije. Hakukasirika. Ameuliza kama naweza kufanya foronya mbili zifanane nalo.

Nimeandika na kubandika nyuma ya mlango, ili kila anayeingia asome kabla ya salamu kwisha: pindo la mkono ni shilingi 800 kwa mita, kitambaa na uzi mbali, uzi unanunuliwa wote kwa mkupuo mmoja, na nusu ya pesa inalipwa kabla ya kazi kuanza. Jumanne nitaupeleka ukurasa huo kwenye chama, na yule aliyeuza kwa 3,500 nitamwomba aukubali.